Mikono ya Mjomba wa Héritière

Ndugu yangu aliua mtu katika wimbo wa nne.

Nilikuwa nimekaa ndani ya gari la Muriuki, kwenye pakingi ya nyumba ya wazee tunakofanya kazi hapa New Hope, pembeni mwa Minneapolis, nikila wali wa jana kutoka kwenye kopo la aiskrimu. Hita ilikuwa juu, vioo vimeshika ukungu. Nyimbo tatu za kwanza zilinifanya nijivune mpaka nikasahau kijiko mkononi. Huyu ni Bahizire wetu! Sauti imekuwa nzito, Kiingereza kimekuwa cha Waingereza kabisa, cha kumeza nusu ya kila neno, lakini bado anavuta pumzi kwa pua kabla ya kuanza kusema, kama alivyofanya utotoni kambini kila alipotaka kunidanganya.

"Si nilikushow?" Muriuki alisema, akipiga usukani kwa vidole. "Bro wako ni moto. Hawa wasee wa andagraundi wa UK hawaimbi magari na dhahabu. Wanakupeleka mtaani kwao, wanakufungia huko, halafu wanatupa ufunguo."

Muriuki ni nesi, Mkenya, na hizo ndizo nyimbo anazozipenda: albamu zinazorekodiwa chumbani, ambazo hakuna redio inayozipiga. Nilipomwambia kwamba mdogo wangu aliyeko Sheffield ametoa albamu, aliitafuta kwenye simu yake, akaruka kwenye kiti. Alikuwa ameshaisikiliza mara nyingi, bila kujua ni ya mtu wa damu yangu.

Wimbo wa nne ulianza na sauti ya Mama. Mama yangu mzazi, kwenye ujumbe wa sauti wa simu.

"Bahizire, mwana wangu, umekula? Koti uvae. Umusalimie—"

Hapo sauti ikakatwa, ngoma ikaingia.

"Huyo ni Mama!" nilicheka. "Muriuki, ongeza, huyo ni Mama!"

Akaongeza. Kijana kwenye wimbo anapanda ngazi kwa sababu lifti imeharibika tena. Ngazi zinanuka mkojo na chipsi za siki. Kuta zimepakwa rangi ya kijani mpaka usawa wa kiuno, kama za hospitali. Ghorofa ya tatu kuna dirisha lenye pazia la kitenge cha samaki. Hapo nikaacha kutafuna. Kitenge kile Mama alikishona kambini Uganda, akampa baba mdogo Sosthène siku familia yake inaondoka kwenda Uingereza. Hilo jengo ni lao. Hizo ngazi Bahizire aliwahi kunionyesha kwenye video, akipanda huku anahema.

Na yule kijana anasema "mimi". Mimi nina kisu cha jikoni ndani ya soksi. Mimi namsubiri. Anashuka anapiga mluzi, ananiona, anacheka, kwa sababu mimi ni rafiki yake. Halafu yule mwenye kisu anafanya. Hafichi kitu. Anaeleza jinsi kofia ya mwenzake ilivyodondoka, akaiokota, akamvalisha tena vizuri, kama mama anayemtayarisha mtoto kwenda shule. Anaeleza alivyokimbia hadi kwenye choo cha duka la chipsi kunawa mikono, akabonyeza sabuni, akabonyeza tena, kumbe sabuni imekwisha.

Wali ulikuwa umemwagika kwenye yunifomu yangu.

"Zima."

"Ngoja, kuna verse ya—"

"Zima, Muriuki!"

Akazima.

"Mama Héritière, relax. Ni story. Wanasema 'mimi' lakini ni mtu wamemtunga. Kama muvi."

"Pazia si la muvi. Mama yangu ndiye aliyelishona."

Muriuki alipangusa kioo kwa mkono wa sweta, akatazama nje kama mtu anayetafuta mahali alipoegesha gari, na gari tumo ndani yake.

"Pazia ni la ukweli?" akauliza polepole.

"Pazia, ngazi, ukuta. Vyote."

Alitia simu yake mfukoni. Yeye ndiye aliyekuwa ananituliza, na sasa hata yeye ameanza kuamini. Hilo lilinitisha kuliko wimbo wenyewe.

Inabidi nieleze ni kwa nini nilirudi kazini nikashindwa hata kumfunga Bibi wa chumba cha mwisho vifungo vya blauzi. Bahizire alikuwa anakuja. Kesho yake, Ijumaa, angetua hapa Minneapolis, na Jumapili Héritière, binti yangu, angebarikiwa kanisani. Kanisani kwetu mtoto hapelekwi mbele na baba wala mama. Anabebwa na mjomba, naye mjomba anamkabidhi kwa mchungaji kwa mikono yake miwili, na mikono hiyo ndiyo itakayoulizwa baadaye huyo mtoto akipotea njia. Tulikuwa tumeahirisha mara kadhaa, tukisubiri viza ya mjomba. Mtoto mpaka ameanza kutembea hajabarikiwa, wamama wa kanisa wananitazama kwa huruma.

Na mimi ndugu yangu sijamshika mkono tangu akiwa mtoto wa shule. Siku ya kuhesabiwa kambini alikuwa amelala kwa baba mdogo, akicheza na mwanawe Rukundo, akaandikwa kwenye dosié yao, faili lao la kuhamishwa. Wao wakapelekwa Uingereza, sisi tukaletwa Minnesota. Ndivyo familia ilivyogawanywa, kwa sababu ya watoto wawili waliokataa kuachana usiku mmoja.

Rukundo tulimzika kwa simu. Ajali ya gari, baba mdogo alituambia. Hapa kwetu apatimentini watu walijaa wiki nzima, kwaya ikaimba mpaka jirani akagonga ukuta. Nililia na Bahizire kwenye simu mpaka betri ikaisha. Basi amebaki yeye peke yake kule, nilijiambia. Na sasa huyu aliyebaki ameimba kwamba ameua.

*

Nilikusudia Mama asijue. Lakini nilipofika nyumbani nilimkuta sebuleni amesimama, Héritière mgongoni, simu mkononi, na mama Goretti wa kwaya ameketi kwenye kochi anatabasamu.

"Maombi, njoo usikie!" Mama aliniita. "Binti ya Goretti ameniwekea muziki ya Bahizire. Niko ndani! Mimi mwenyewe! Nimekuwa vedeti, nyota!"

Akabonyeza. *Umekula? Koti uvae.* Mama akapiga kigelegele, Héritière akashtuka mgongoni, akacheka naye.

"Sasa keti hapa," Mama akaniambia, "unieleze anasema nini. Neno kwa neno. Weye unasoma Kiingereza kila jioni, tutumie hiyo masomo."

"Mama, ni Kiingereza kigumu."

"Kigumu cha nani? Si mtoto wangu huyo?"

Nikaanza. Kijana anapanda ngazi. Lifti imeharibika. Kuna pazia la kitenge. "Yangu!" Mama akamwambia Goretti, akimpiga paja. Anamsubiri rafiki yake. Rafiki anashuka anapiga mluzi. Na hapo nikasema, wanasalimiana, wanakwenda kula chipsi.

Mama alinitazama.

"Rudisha nyuma."

"Mama..."

"Rudisha. Amesema *knife*. Nimefanya kazi ya jikoni hapa, *knife* siijui? Halafu amesema *blood*. *Blood* naijua sana, kila nikienda hospitali wananitoa. Unaniona mjinga, Maombi? Damu ya nani?"

Goretti aliacha kutabasamu. Nikarudisha nyuma, nikaeleza yote, kisu, kofia, sabuni iliyokwisha, huku natazama zulia na si uso wa Mama. Nilipomaliza, Goretti aliinua mkoba wake, akasema amesahau maharage jikoni, akaondoka bila kufunga mlango.

"Mama, ni hadithi," nikasema. "Mwalimu wetu wa jioni ametufundisha. Mtu anaweza kuandika 'mimi' na isiwe yeye. Ni namna ya kusimulia."

"Kuandika 'mimi' na si yeye?"

"Ndiyo."

"Hiyo kwetu inaitwa uongo."

"Mama, si uongo, ni—"

"Maombi. Kila Jumapili watu wanasimama mbele. Mimi nilikuwa mulevi. Mimi niliiba. Mimi Yesu aliniponya. Umeona mtu mumoja anasimama anasema 'mimi' ju ya dhambi ya jirani? Hata mara moja? Hii ni ushuhuda. Mtoto ameshindwa kuniambia kwa mdomo, akachukua sauti yangu, akaiweka mbele, ili nikisikia nijue anasema na mimi."

Hata mimi, ndani ya gari lile, hivyo hivyo ndivyo nilivyosikia. Muriuki alisikia sinema. Mimi nilisikia mtu amesimama mbele ya madhabahu.

Mama alimfungua Héritière mgongoni, akanipa.

"Ile mikono haitamgusa mtoto huyu," alisema. "Atakuja, nitampa chakula, mimi ni mama yake. Mais lakini Jumapili atasimama aseme mbele ya watu alimuua nani, na mama ya huyo mtu iko wapi, nikamwangukie miguuni. Mtoto, hapana."

Nilimpigia Bahizire jioni ile, na tena asubuhi. Simu ilikuwa imezimwa. Alikuwa njiani kuja kwetu.

*

Eliezer, mume wangu, alikwenda uwanja wa ndege kumpokea. Nilimwandikia kila kitu kwenye simu, naye akajibu neno moja: *Mungu.* Baadaye akaniambia alisafiri na shemeji yake barabara nzima wakizungumza mpira, kwa sababu alishindwa aanzie wapi.

Mama hakusubiri ndani. Alisimama mlangoni, upande wa korido, kitambaa kimefungwa kichwani kama mtu wa msibani. Nilikuwa nyuma yake na mtoto.

Mlango wa ngazi ulifunguka, na Bahizire akatokea. Ni mrefu! Hakuna aliyeniambia amekuwa mrefu hivyo. Ana ndevu. Ana masikio ya Baba. Aliangusha begi, akaja anakimbia, mikono imefunguka, analia na kucheka kwa pamoja: "Mama! Yaya Maombi!" Kwetu Yaya ni dada mkubwa.

Mama aliinua kiganja.

"Simama hapo."

Akasimama. Eliezer, nyuma yake, akatazama viatu vyake.

"Mama, ni mimi."

"Najua ni weye. Ulimuua nani?"

Bahizire alicheka, kicheko kifupi cha mtu anayedhani ni utani wa mapokezi. Akanitazama mimi. Sikucheka.

"What? Mama, nini?"

"Wimbo. Na sauti yangu juu yake. Ulimuua nani kwenye ngazi?"

"Ooh. Oh my days." Alishika kichwa. "Hapana. Hapana, Mama, si mimi. Yule anayesema ni yule kijana aliyefanya. Nimesema kwa mdomo wake. Ndivyo tunavyofanya kule, unachukua mtu ambaye hakuna anayetaka kumsikiliza, unasema kama yeye. Unatembea na miguu yake mpaka mwisho."

"Donc, kumbe mtu alikufa kweli?"

"Ndiyo, Mama."

"Na weye ukaona umukopeshe muuaji mdomo wako. Ile mdomo niliyoinyonyesha."

Mlango wa jirani ulifunguka kidogo ukafungwa. Bahizire alijifuta uso kwa mkono wa koti.

"Yule aliyefanya alikuwa rafiki yetu," akasema kwa sauti ya chini. "Alikuwa anakuja kula ugali kwa baba mdogo. Kwa kitu cha kijinga, maneno ya kwenye simu, kusutana. Nilikaa mahakamani kila siku, nikimtazama, anatazama chini tu. Niliwaza, pale kwenye ngazi, alipomwona anacheka, aliwaza nini? Kwa nini hakurudi nyumbani? Sikulala, Mama. Nikaandika niwe yeye, nijue. Sikujua hata nilipomaliza."

"Alipomwona nani anacheka?" nikauliza mimi.

Alinigeukia kana kwamba nimemuuliza jina la mama yetu.

"Nani tena, Yaya? Rukundo."

Sijui ni nani kati yetu aliyepiga ukelele. Héritière alianza kulia, kwa hiyo huenda ni mimi. Mama alishika fremu ya mlango, akateremka taratibu mpaka akakaa chini, kwenye zulia la korido lenye alama za viatu vya theluji.

"Rukundo alikufa na gari," Mama alisema.

"Gari gani?"

"Sosthène alituambia gari."

"Mama..." Bahizire alipiga magoti mbele yake, lakini hakumgusa. "Baba mdogo aliniapia aliwaambia. Alisema, wanajua yote, usiwakumbushe, mama yako ana presha. Na kwenye wimbo jina lisitajwe, watu wasije wakasema mtoto wa shemasi kama yeye alikufa kifo cha mtaani. Nikatii. Mimi nilidhani mnajua! Tulilia wote kwenye simu!"

Tulilia wote, ndiyo. Kila mmoja alikuwa analilia kifo chake. Sisi hapa tulimshukuru Mungu kwamba gari ni haraka, hakuteseka. Mama alisimama mbele ya kwaya akasema hivyo, kwa furaha kabisa. Nilikumbuka kile kimya cha Bahizire kwenye simu nilipomrudia maneno hayo, kimya ambacho nilikiita uchungu. Nikakumbuka kofia, ile aliyovalishwa vizuri.

Mama hakulia. Alikuwa anatazama mikono ya Bahizire, iliyokaa juu ya magoti yake, mikubwa, yenye kucha zilizotafunwa.

"Ulimuzika?"

"Nilibeba jeneza. Nilitupia udongo."

"Ukatoka makaburini, ukanawa wapi?"

"Kunawa?"

"Mikono! Ulipotoka. Nani aliweka beseni mlangoni?"

Bahizire alifikiri. Nilimwona anatafuta kabisa, anarudi hadi siku ile, anafungua kila mlango.

"Hakuna aliyeweka. Kulikuwa na chai kwenye ukumbi. Watu wakanywa chai, wakaenda nyumbani."

"Yesu wangu," Mama alisema. "Wamemuacha mtoto anatembea na kaburi mikononi. Miaka yote hii. Ndiyo maana inatoka kwa mdomo."

Kwetu Bukavu, Kongo, hakuna mtu anayetoka kuzika akaingia ndani ya nyumba hajanawa. Maji yanawekwa nje, kila mtu ananawa, ndipo anaruhusiwa kushika chakula, kushika mtoto. Si uchawi, ni adabu tu. Unamwachia marehemu kilicho chake. Sikuwahi kufikiri kwamba huko walikokwenda hakuna mtu mzima aliyekumbuka, baba mdogo akiwa amejifungia na aibu yake.

"Maombi," Mama aliniita. "Maji. Ya vuguvugu."

Hatukuwa na beseni jingine ila la kumwogeshea Héritière, la plastiki ya njano, lenye bata ubavuni. Nililijaza, nikalileta koridoni na sabuni ya mtoto. Nikabonyeza chupa, nikashtuka kuona mkono wangu umesita. Sabuni ilikuwepo. Ilikuwa tele.

Mama alishika mikono ya Bahizire, akaizamisha yote miwili, akaisugua kidole kimoja kimoja, mpaka kwenye viwiko, koti likalowa. Hakuharakisha. Jirani yetu wa juu alipita na mifuko yake, akasema "sorry", akapitia pembeni mwa bata. Kisha Mama akanawa yeye, na mimi nikanawa, na Eliezer akakunja mikono ya shati akanawa. Wote tulikuwa hatujanawa kifo kile. Tulinawa cha gari.

Bahizire ndipo alipolia, kwa sauti, kama mtoto wa kambini.

"Sasa nikwambie kosa lako," Mama alisema, akimpangusa na kanga. "Umenikata. Mimi nilisema jina."

Alielewa mara moja. Akatoa simu kwa mikono yenye maji, akatafuta nyuma, nyuma sana, akabonyeza. Ilikuwa sauti ya Mama, ile ile, bila ngoma:

*"Bahizire, mwana wangu, umekula? Koti uvae. Umusalimie Rukundo. Umwambie aache kupiga mluzi ndani ya nyumba."*

"Ulituma asubuhi ya siku ile," Bahizire alisema. "Nilimfikishia. Alicheka sana. Akatoka anapiga mluzi kusudi."

Mama alifunika mdomo. Halafu, Mungu anisamehe, akacheka. Alicheka na machozi yakashuka hapo hapo, na sisi wote tukacheka naye kwa hofu, kama watu waliobebwa na maji.

"Mtu anakufa wimbo mzima hana jina," alisema alipopata pumzi. "Huyo aliyeua umempa mdomo. Rukundo umempa nini? Jumapili utasema. Kwa mdomo wako, na 'mimi' yako. Sosthène atakasirika, akasirike. Mimi ndiye mukubwa wake."

Kisha akanigeukia.

"Unangoja nini, Maombi? Mupe mujomba mtoto."

Nilisita, sitaficha. Si kwa sababu ya damu. Nilikuwa bado naziona zile ngazi. Lakini Héritière hakuzijua ngazi zozote; aliona ndevu, na ndevu zilimvutia. Aliinama kutoka kwangu, akazishika kwa mikono miwili, na Bahizire akampokea kwa mikono iliyokuwa bado na maji, akavuta pumzi kwa pua.

*

Jumapili Muriuki alikuja kanisani kwetu, amevaa tai, eti kumwona msanii. Mchungaji alipoita mjomba, Bahizire alikwenda mbele na mtoto kifuani. Mama Goretti alishika mkono wa kiti. Safu nzima ya vijana iliinua shingo, kila mmoja alikuwa ameshausikia wimbo wa nne.

"Mimi naitwa Bahizire," alisema kwa Kiswahili kilichokwama-kwama. "Mimi nilikuwa na ndugu. Tulilala kitanda kimoja. Mimi sikumuua. Mimi nilikuwa juu, ndani ya nyumba, na headphones masikioni, sikusikia kitu."

Hilo hakuwa ametuambia. Muriuki alikuwa ameinua simu kurekodi. Niliona akiishusha, akaiweka mfukoni.

Héritière alimziba mjomba wake mdomo kwa kiganja, anavyomfanyia kila mtu. Bahizire alikiondoa taratibu, akakishika.

"Jina lake ni Rukundo," alisema. "Alikuwa anapiga mluzi ndani ya nyumba."

Halafu akamweka mtoto wangu mikononi mwa mchungaji.